Kipimo kitangulie pesa: Dhahabu ambayo mkulima wa Vudee ameshaiona

MKULIMA wa Vudee, katika milima ya Upare wilayani Same, akitajiwa dhahabu mawazo yake huenda Geita, Kahama au Chunya, mbali na shamba lake la mahindi na maharage. Kwake dhahabu ni mali ya wengine: ya kampuni kubwa, ya vijana waliohama na makoleo yao kwenda machimboni, au ya sonara aliyeko mjini.

Hata hivyo, mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto mwenye homa zahanati katika miaka hii ya karibuni ameshakaa mbele ya dhahabu, ameiona kwa macho yake na ameitumia kufanya uamuzi. Ule mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria, katika vipimo vilivyo vingi, ni dhahabu. Si rangi ya kiwandani, wala si damu ya mgonjwa. Ni dhahabu iliyosagika mno hata ikaacha kuwa ya njano.

Jambo hili linamhusu mkulima na mfanyabiashara mdogo kuliko wanavyodhani. Dhahabu hiyo hiyo inaweza kumwambia mzazi kama fedha aliyokopa ya dawa inatupwa bure. Inaweza pia kumwambia mwenye ghala kama mahindi yake yana sumu kabla gari halijafika mpakani. Kinachokosekana ni mazoea ya kupima kabla ya kutoa pesa, na utaratibu wa kumfikishia mkulima kipimo mahali anapofanyia uamuzi.

Dhahabu inapokuwa nyekundu

Mwaka 1857, mjini London, mwanasayansi Michael Faraday alitengeneza maji mekundu kama zabibu kwa kutumia dhahabu. Aligundua kuwa dhahabu ikigawanywa vipande vidogo mno vinavyoelea majini, haing'ai tena kwa unjano. Baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa hadi leo.

Sababu yake inaeleweka vizuri siku hizi. Chembe za dhahabu zinazotumika kwenye vipimo vingi vya haraka zina upana wa nanomita 20 hadi 40 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una upana wa takriban nanomita 80,000, kwa hiyo chembe 2,000 za nanomita 40 zikipangwa mstari mmoja ndipo zinafikia upana wa unywele. Chembe ya udogo huo hunasa mwanga wa kijani kwa nguvu na kuuacha mwekundu upite. Ndiyo maana jicho huona wekundu.

Kwenye kipimo cha malaria, chembe hizo hupakwa kingamwili, yaani askari wa mwili waliofundishwa kumtambua adui mmoja tu. Mhudumu anapodondosha tone la damu na maji yake maalumu, unyevu husafiri kwenye karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari, na hubeba chembe za dhahabu njiani. Kama damu ina protini inayotolewa na vimelea vya malaria, dhahabu huishika. Mbele yake kuna mstari wa kingamwili wengine wanaoisubiri protini hiyo. Ikifika inakamatwa pamoja na dhahabu yake, chembe hurundikana kwa mamilioni, na mstari mwekundu hutokea penye herufi T. Mstari wa pili, penye herufi C, huonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea huo, kipimo ni kibovu, hata kama wa kwanza umetokea.

Kiasi cha dhahabu kilichomo ni kidogo mno, hakuna mizani ya sonara inayoweza kukipima. Thamani ya kipimo imo katika habari kinayotoa ndani ya dakika 15 hadi 20, bila umeme, bila hadubini na bila safari ya kwenda mjini Same.

Kutoka mwanga hadi joto

Tabia hiyo ya kunasa mwanga ina upande wa pili. Mwanga ulionaswa haupotei, hugeuka kuwa joto. Kila mtu aliyeezeka kwa bati anajua jinsi jua linavyolichemsha bati saa sita mchana. Chembe za dhahabu hufanya hivyo kwa nguvu kubwa zaidi kuliko ukubwa wake, na wataalamu wanaweza kuzitengeneza zinase mwanga wa aina wanayoitaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, Marekani, walitengeneza chembe zenye kiini cha silika, yaani jamii ya mchanga, zilizovikwa ganda jembamba la dhahabu. Chembe hizo hunasa mwanga ambao jicho halioni, ulio jirani na mwekundu, na ambao unaweza kupenya nyama ya mwili kwa kina fulani. Wazo lao lilikuwa rahisi kulieleza: chembe zijikusanye kwenye uvimbe wa saratani, umulikwe kwa leza, uvimbe uungue na nyama nzima ibaki salama. Mwaka 2019 zilichapishwa taarifa za jaribio la kwanza kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume nchini Marekani, na kwa 15 kati yao tiba iliweza kukamilishwa bila madhara makubwa. Mostafa El-Sayed, mwanasayansi mzaliwa wa Misri, pamoja na wenzake walitumia vijiti vidogo vya dhahabu kwa njia kama hiyo kwa mbwa na paka wenye uvimbe wa matiti.

Habari hizi zinatia moyo, lakini zisimpoteze mtu. Jaribio la watu 16 si tiba iliyoko hospitalini. Mgonjwa wa saratani kutoka Upare anayekwenda KCMC mjini Moshi au Ocean Road jijini Dar es Salaam anahitaji kufika mapema ili apate upasuaji, mionzi au dawa. Anayemuuzia chupa ya "maji ya dhahabu" kuwa yanaponya saratani anamuibia fedha na, kibaya zaidi, anamuibia muda.

Kuna matumizi ya joto hilo yaliyo karibu zaidi na mkulima. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichukua vipimo vya haraka vya kawaida na kuvimulika kwa leza. Mahali ambapo jicho halikuona mstari wowote, joto la chembe chache za dhahabu lilionekana kwenye chombo cha kupimia joto. Kwa kipimo cha ugonjwa wa fangasi unaoshambulia ubongo wa watu wenye VVU, njia hiyo iliweza kugundua kiasi kidogo mara 32 kuliko jicho. Karatasi ni ile ile na dhahabu ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuisoma.

Funzo hapa ni kwamba dhahabu iliyomo kwenye karatasi ina habari nyingi kuliko watu wanavyoitumia sasa. Lakini kabla ya kusubiri leza, ni busara kujiuliza kama hata ule mstari unaoonekana kwa macho unatumika inavyopasa.

Si kila homa ni malaria

Watu wa Same wana historia ndefu na malaria. Kati ya mwaka 1954 na 1959, Upare na Taveta, ng'ambo ya mpaka, vilikuwa eneo la mradi maarufu wa kupulizia nyumba dawa ya dieldrin ili kuua mbu. Maambukizi yalishuka na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Mradi ulipokoma ugonjwa ulirudi taratibu, na pamoja nao ikarudi desturi ya kuita kila homa malaria.

Desturi hiyo imegharimu watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, uliwachunguza wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa wakiwa na dalili za malaria kali. Vimelea vilipatikana kwa 2,062 tu, chini ya nusu. Kwa waliokuwa na umri wa miaka mitano na kuendelea, vilipatikana kwa chini ya mmoja kati ya watano.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali mbili za Moshi, ulitoa picha kali zaidi. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, madaktari walidhani 528 wana malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Sehemu kubwa ya homa hizo ilitokana na magonjwa ya mifugo na panya: homa ya Q, brusela inayofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba, homa za kupe, na leptospirosisi, ambayo Watanzania waliifahamu zaidi kwa jina la homa ya mgunda baada ya mlipuko wa mwaka 2022 mkoani Lindi.

Mfugaji wa mbuzi au ng'ombe wa ndani hawezi kuzipita takwimu hizi bila kusimama. Anayemsaidia mbuzi kuzaa kwa mikono mitupu, anayekunywa maziwa mabichi, na anayelima bondeni penye mkojo wa panya, wote wanaweza kupata homa inayofanana kabisa na malaria. Dawa mseto haitawasaidia.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kuwa kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Vipimo vya haraka vikasambazwa nchini hadi ngazi ya zahanati. Hapo ndipo dhahabu ilipofika vijijini. Lakini bado kuna mazoea yanayoifanya iwe kazi bure. Mgonjwa anaambiwa mstari wa T haukutokea, anatoka nje, anapita duka la dawa na kununua dawa mseto "kwa usalama". Siku tatu baadaye homa iko pale pale na fedha imekwisha.

Ni kweli kwamba kipimo nacho kina mipaka. Protini ya vimelea huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, hivyo mstari ukaonekana bila ugonjwa mpya. Katika nchi kama Eritrea wamepatikana vimelea wasiotoa protini inayotafutwa na vipimo vingi, na ikabidi nchi hiyo ibadili kipimo. Vipimo vilivyoachwa kwenye joto kali au vilivyopitwa na tarehe haviaminiki. Lakini mipaka hiyo ni sababu ya kutumia kipimo kwa uangalifu, si sababu ya kukipuuza. Mstari wa T usipotokea, mgonjwa ana haki na wajibu wa kumwambia mhudumu: "Ninafuga mbuzi, wawili wametupa mimba mwezi uliopita." Sentensi hiyo moja inaweza kumfungulia njia ya tiba sahihi.

Mstari ule ule ghalani

Kama zahanati imeshapata dhahabu yake, ghala bado linasubiri.

Wapare wana neno moja la Kiswahili kwa mambo mawili wanayoyajua vyema. Ukungu wa asubuhi unaofunika milima huleta unyevu wa mashamba. Ukungu wa pili ni ule wa kijani unaoota kwenye punje. Huo wa pili, hasa fangasi anayeitwa Aspergilasi, ndiye mtengenezaji wa sumukuvu. Hupenda mahindi na karanga. Huanza shambani mmea unapoteswa na ukame, jambo la kawaida katika tambarare za Same, na huendelea ghalani mazao yanapowekwa kabla ya kukauka vizuri, jambo ambalo ni rahisi kutokea milimani jua linapokuwa haba wakati wa mavuno. Sumukuvu huharibu ini na, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini. Kupika ugali hakuiondoi.

Madhara yake si hadithi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafariki. Mwaka 2016 mlipuko kama huo ulitokea Dodoma na Manyara. Waliougua walikuwa 68 na 20 kati yao walipoteza maisha.

Halafu ikaja hasara ya kibiashara. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda ikitaja sumukuvu. Siku chache baadaye ililegeza kwa masharti, likiwamo cheti kinachoonyesha kuwa mzigo uko chini ya kiwango cha maikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara wa Same anayepitisha mzigo Himo kwenda Holili alilijua zuio hilo vizuri. Malori yalisimama, gharama zikapanda, na aliyeumia zaidi ni yule aliyekuwa ameshanunua kwa fedha ya mkopo bila kujua kilichomo ndani ya magunia.

Maikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu moja ya sumu katika magunia 1,000 ya kilo 100. Hakuna jicho, pua wala ulimi unaoweza kugundua kiasi hicho. Mahindi meupe na yenye harufu nzuri yanaweza kuwa na sumu, na yenye madoa yakawa chini ya kiwango. Mfanyabiashara anayetamba kuwa anajua mahindi mazuri kwa kuyatafuna anajua wadudu na unyevu. Sumukuvu haijui.

Hapa ndipo dhahabu inaporudi. Vipimo vya haraka vya sumukuvu vipo sokoni, na vingi hutumia chembe zile zile nyekundu kwenye karatasi inayofanana na ile ya zahanati. Mahindi husagwa, huchanganywa na kimiminika maalumu, huchujwa, kisha karatasi hutumbukizwa. Ndani ya dakika chache majibu yako mezani.

Ipo tofauti moja ambayo kila mnunuzi na kila kiongozi wa ushirika anapaswa kuikariri. Kwenye kipimo cha malaria, mstari wa T ukitokea maana yake ugonjwa upo. Kwenye vipimo vingi vya sumukuvu mambo ni kinyume: mstari ukififia au ukikosekana, ndipo sumu ilipo nyingi. Sababu ni kwamba molekuli ya sumukuvu ni ndogo mno, haiwezi kushikwa na mikono miwili kwa wakati mmoja. Badala yake, sumu inapokuwapo hukalia nafasi kwenye chembe za dhahabu, na dhahabu hupita mstari bila kushika. Aliyezoea kipimo cha zahanati anaweza kuufurahia mstari uliokosekana na kununua sumu. Maelekezo ya kwenye pakiti ni lazima yasomwe.

Jambo la pili ni sampuli. Sumukuvu haisambai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Gunzi moja lililooza linaweza kuchafua gunia zima, na gunia la jirani likawa salama. Anayechota konzi moja juu ya gunia na kuipima amejidanganya. Bambo lichomwe kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, punje zikusanywe, zichanganywe vizuri na kusagwa ndipo kidogo kipimwe. Kipimo kizuri chenye sampuli mbaya ni sawa na mizani nzuri iliyowekwa juu ya tope.

Hofu ya mkulima ina msingi

Mkulima anayesikia haya anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: kipimo hicho ni cha nani? Akipimwa na mnunuzi na kuambiwa mahindi yake yana sumu, si ndiyo njia mpya ya kumshushia bei? Anakumbuka miaka ya lumbesa, gunia lililofungwa kilemba, ambapo kipimo kilikuwa mikononi mwa mnunuzi na mkulima akatoa debe la ziada bila malipo. Sheria ya vipimo ilikuja kwa sababu kipimo kisicho na mwamuzi wa haki hugeuka kuwa silaha.

Hofu hiyo haipingwi kwa maneno matamu. Inajibiwa kwa kubadili mahali na wakati wa kupima. Kipimo cha mpakani kinachelewa. Kazi yake ni kukataa tu. Kipimo cha dukani kwa mnunuzi kina mwelekeo wa kumpendelea mwenye nacho. Kinachomfaa mkulima ni kipimo cha kijijini, kabla ya bei kuzungumzwa, kinachofanywa mbele ya pande zote mbili na mtu asiyefaidika na jibu lolote.

Kupima mapema humwachia mkulima nafasi ya kuchagua. Akijua kuwa mzigo umekaribia kiwango, anaweza kuondoa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizosinyaa, kwa kuwa sumu nyingi hukaa humo. Kukoboa nako hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwani sehemu kubwa huondoka na pumba. Lakini pumba hizo zisipewe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hupita kwenye maziwa na kumrudia mtoto kikombeni. Msimu unaofuata ataanika juu ya turubai badala ya ardhini, atahakikisha unyevu umeshuka chini ya asilimia 13.5, na atahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Tena kipimo hakimlindi mnunuzi peke yake. Miaka ya ukame, ambayo Same inaifahamu sana, mahindi hayateremki mlima bali yanaupanda. Mkulima wa jana huwa mnunuzi wa leo, akila mahindi ya mikoa mingine bila kujua yalikaushwaje. Siku hiyo yeye ndiye atakayetamani mtu awe ameyapima.

Nani alipe

Vipimo vya sumukuvu ni ghali kwa mkulima mmoja mwenye magunia manane. Kwa kata nzima, hesabu ni nyingine. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Wakulima waliupokea uamuzi huo kwa shangwe, na halmashauri zikaendelea kukusanya kilichobaki. Ni halali kuuliza ushuru huo unamrudishia nini mwenye gunia. Sehemu ndogo yake ikitengwa kununua vipimo, kinu kidogo cha kusagia sampuli na mafunzo ya vijana wawili au watatu katika kila kituo cha kununulia mazao, mkulima ataona kwa mara ya kwanza ushuru wake ukirudi kijijini ukiwa kitu kinachoshikika. Shirika la Viwango, ambalo lilipewa jukumu la usalama wa chakula mwaka 2019, linaweza kuhakiki vifaa na kuwakagua wapimaji kama wakala wa vipimo wanavyokagua mizani.

Vudee haihitaji kufundishwa jinsi ya kusimamia kitu cha pamoja. Milima ya Upare ina ndiva, mabwawa madogo ambayo maji hukusanywa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Wakulima wa Vudee juu na wa Bangalala chini wamekuwa na mapatano ya kugawana maji ya mto mmoja tangu zamani. Ndiva hudumu kwa sababu kiasi cha maji kinaonekana na kila mwenye zamu, na hakuna anayefungua mlango kwa kukisia. Kipimo cha ghalani kinahitaji utaratibu wa namna hiyo hiyo: daftari lililo wazi, msimamizi anayejulikana, na jibu linaloonekana na muuzaji pamoja na mnunuzi.

Serikali nayo ina swali la kujibu. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa dhahabu barani Afrika, na mwaka 2021 kilizinduliwa kiwanda kikubwa cha kusafisha dhahabu jijini Mwanza. Lakini vipimo vingi vya haraka vinavyotumika nchini huagizwa kutoka Asia. Dhahabu yenyewe ni sehemu ndogo sana ya gharama, kwa hiyo kuwa na machimbo peke yake hakutoshi. Kinachohitajika ni kingamwili, karatasi maalumu na maabara inayoaminika. Senegal imeonyesha kuwa inawezekana: Taasisi ya Pasteur ya Dakar ilianzisha kituo cha kutengeneza vipimo vya haraka mwaka 2020. Vyuo vyetu, kikiwamo Sokoine cha Morogoro na Nelson Mandela cha Arusha, vina wataalamu wa mazao na wa kemia. Wapewe kazi hiyo na soko la uhakika la kuwanunulia.

Hayo ya viwanda yatachukua miaka. Ya kijijini hayana haja ya kusubiri. Mzazi anaweza kuanza leo kwa kukataa kununua dawa mseto wakati mstari wa T haukutokea, na kumweleza mhudumu kuhusu mifugo yake. Mnunuzi anaweza kuanza msimu huu kwa kuchangia pakiti moja ya vipimo na wenzake watano. Baraza la kata linaweza kuuliza katika kikao kijacho ushuru wa mahindi umekwenda wapi.

Dhahabu ya Geita itaendelea kupimwa kwa gramu na kuuzwa kwa dola. Dhahabu ya Vudee ni ile isiyopimika, iliyotanda kwenye kipande cha karatasi. Aliyeisoma kabla ya kufungua mfuko wa fedha ameshapata faida yake.